Kiti cha Kustaafia

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Kitivo chetu. Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Udongo. Profesa wetu mpendwa tunayemuaga, au niseme tuliyekuwa tunamuaga mpaka robo saa iliyopita. Mama yetu, mke wa Profesa. Wahadhiri na wafanyakazi wa maabara. Wanafunzi wangu mliojazana pale nyuma kwa sababu mmesikia kuna chakula. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yangu, uliyekaa karibu na mlango wa jikoni kwa sababu hakuna aliyekuonyesha kiti cha mbele: habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kuzungumza kwa niaba ya wote waliopita mikononi mwa Profesa. Heshima hii naifahamu vizuri. Nilipewa mwaka juzi katika ukumbi huuhuu, nikapewa tena mwaka jana, na leo ni mara ya tatu namuaga mtu yuleyule kwa sababu ileile. Wageni wetu msishangae, nitaeleza. Profesa alifikisha umri wa kustaafu mwaka juzi, tukamuaga, keki ikakatwa, watu wakafuta machozi, na kabla sahani hazijakusanywa ikaja habari kwamba ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka jana mkataba ukaisha, tukamuaga, akaongezewa. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa: sherehe hupangwa mapema kwa sababu ukumbi unagombaniwa, na uamuzi huchelewa kwa sababu uamuzi siku zote huchelewa. Leo Mkuu wa Kitivo amesimama mahali hapa niliposimama mimi, akafuta miwani yake, akatutangazia kwa furaha kwamba safari hii si mwaka mmoja tena bali ni mitatu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata mimi nimepiga. Mikono ilijipigia yenyewe, kwa mazoea.

Nilikuwa na hotuba niliyoiandika. Iko hapa mfukoni, nimeikunja. Ina mwanzo mzuri na katikati nzuri, lakini mwisho wake haufai tena, kwa hiyo mtanivumilia nikizungumza bila karatasi.

Nianze na sifa, maana Profesa anazistahili zote. Siku ya kwanza nilipoingia maabara yake nilikuwa nimemeza vitabu vitatu vizima, nikiamini kwamba nimeshaujua udongo na kilichobaki ni udongo kunijua mimi. Profesa aliniwekea tonge la udongo mbichi kiganjani, akasema, "Vitabu viache mlangoni. Usugue huo. Unakwambia nini?" Nikasugua. Nikasema, "Hauniambii kitu, Profesa." Akacheka mpaka akaegemea lile tanuri la kukaushia sampuli, ambalo mlango wake umefungwa kwa waya tangu wakati huo hadi leo. "Basi endelea kusugua," akasema, "mpaka uongee." Nani kati yetu hakupewa tonge lile? Nani hakusahihishiwa kazi yake kwa wino wa kijani, kwa sababu Profesa anaamini wino mwekundu unawatisha watu bure? Tasnifu yangu ya uzamili aliisoma mwanzo hadi mwisho mara tatu, na mara ya tatu aliandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwa kijani, "Sasa umeongea."

Siku ile nilipovaa joho, nikiwa wa kwanza katika idara, alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Mimi natoka, wewe unaingia. Nafasi yangu ni yako." Hakuwa anadanganya, jamani. Ingekuwa alidanganya ningemchukia, na kumchukia mtu kungenipunguzia mzigo.

Nimeingia wapi basi? Nimeingia koridoni. Mimi ni mwalimu wa muda, na mwalimu wa muda hana ofisi, hana meza, hana hata msumari wa kutundika koti. Nafundisha vipindi vya mwaka wa kwanza na wa pili, natunga mitihani, nasahihisha, nasimamia maabara pale fundi wetu anapokuwa likizo. Kila ninapouliza kuhusu ajira, jibu ni moja, na hutolewa kwa upole: nafasi ni ile ya Profesa, Profesa akitoka, wewe ndani.

Msidhani nilikaa tu nikisubiri mzee wa watu aondoke. Nimebisha hodi kila mahali ambapo udongo una maana. Maabara moja waliniuliza uzoefu wangu, nikawaambia ninafundisha, wakasema kufundisha kwa muda hakuhesabiki. Kampuni moja ya mbolea nilipokelewa na mama mmoja mwenye huruma kweli, akasoma vyeti vyangu polepole, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "hapa natafuta mtu wa kupakia magunia na mtu wa kuyauza. Sasa wewe nikuweke wapi?" Nikamwambia niweke popote. "Utanikimbia," akasema. Nilipofika kwingine nikaamua kuificha ile shahada ya uzamili, nikabakiza ya kwanza tu. Msaili akahesabu miaka kwa vidole, akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Na miaka hii iliyobaki ulikuwa wapi? Gerezani?" Niambieni, wasomi wenzangu, ningemjibu nini? Nikisema nilikuwa nasoma, nimesoma kupita kiasi. Nikinyamaza, nimetoka jela. Nilicheka naye, nikaaga, na nilipofika nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia, na watu wakanipita wakidhani nimefiwa.

Sasa nije kwenye zawadi, kwa maana mshereheshaji ananiashiria niharakishe.

Mnakiona kile kiti mbele ya meza kuu, kilichofungwa utepe wa bluu? Kiti kizuri, cha mbao, kinalala nyuma, kina mto na mahali pa kuinulia miguu. Idara ilikinunua mwaka juzi ili Profesa wetu apumzikie kibarazani kwake. Lakini alipoongezewa mkataba siku ileile, akaona haya. "Siwezi kupeleka nyumbani kiti cha kustaafia," alisema, "na kesho yake nionekane nimebeba mkoba naenda kazini. Majirani watanicheka." Kwa hiyo kiti kikawekwa koridoni, nje ya mlango wake, kisubiri. Mwaka jana kilifutwa vumbi, kikafungwa utepe mpya, kikaletwa hapa ukumbini, kikatolewa kama zawadi, na jioni kikarudi koridoni. Leo kimefutwa tena.

Na katikati ya sherehe moja na nyingine, nani alikuwa anakikalia? Wanafunzi wangu wanacheka, wanajua. Mimi. Ndipo ninaposahihishia, ndipo wanaponifuata na maswali yao, na ndiyo maana wamenibatiza jina la Profesa wa Koridoni, wakidhani silisikii. Mkono wa kulia wa kiti kile una madoa ya wino wangu. Mto wake umeshika umbo langu. Ndugu wageni waalikwa, mimi nimekalia kiti cha kustaafia kabla sijaajiriwa. Mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka mwanzoni. Siku hizi, nikiinuka pale magoti yanalia, naona kama kiti hakikukosea mtu.

Naomba dada yangu asimame mumwone. Simama, dada, usione aibu. Huyu ni fundi cherehani. Ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipotutoka, na ndiye aliyenisomesha, kila darasa, kwa mguu wake wa kulia juu ya kanyagio. Suti hii niliyovaa ameishona yeye siku nilipomaliza uzamili, akaniambia, "Hii si ya harusi wala ya msiba. Hii ni ya siku utakayoajiriwa." Akaiweka kwenye mfuko wa nailoni. Imetoka kwenye mfuko ule mara tatu tu, na mara zote tatu ni kuja kumuaga Profesa. Safari ya kwanza ilinikaa sawasawa. Ya pili aliipunguza kiuno, kwa sababu nilikuwa nimekonda kwa mawazo. Juzi ameipunguza tena, akiwa na pini mdomoni, akisema, "Sasa wewe mdogo wangu, huyo mzee anaagwa mara ngapi? Hata maiti huagwa mara moja." Nikamwambia leo ni leo, dada, nimeahidiwa kwa mdomo, watanitangaza mbele ya watu. Ndiyo maana leo amefunga duka lake, jambo asilolifanya hata akiwa na homa. Amenisikiliza nikiifanyia mazoezi hotuba yangu hadi akaishika kwa moyo, na tukapatana kwamba nikifika kwenye aya ya mwisho, ile inayoanza na maneno "Kuanzia Jumatatu", yeye ataachia kigelegele, na asije mtu akamzuia. Kaa, dada. Asante.

Kuna mmoja zaidi. Yule kijana mwenye kamera, anayezunguka meza kwa meza, nadhani wengi wenu mmemchukulia kuwa mpiga picha wa kukodi. Ni mtoto wa mwisho wa Profesa. Ana shahada ya uzamili kama mimi, ya uhandisi wa maji. Tulivaa majoho siku moja, na picha yetu tukiwa tumeshikana mabega iko sebuleni kwa Profesa. Tangu siku ile hajapata kazi. Dada zake wawili wamesoma kama yeye, na wamekaa kama yeye. Asubuhi tulipokuwa tunapanga viti hivi mimi na yeye, nilimuuliza kama naweza kulisema jambo hili hadharani. Akajibu, "Sema. Mimi nimechoka kumpiga baba picha za kuagwa."

Kwa hiyo Profesa atastaafu vipi? Kibarazani atapumzika vipi, na ndani kuna watoto watatu wenye vyeti wanaosubiri arudi na mshahara? Mkuu wa Kitivo alipotangaza ile miaka mitatu, nyinyi mlimwangalia Mkuu wa Kitivo. Mimi nilimwangalia Profesa. Hakutabasamu. Aliniangalia, mimi nikaangalia kitambaa cha meza, na nadhani ni mara ya kwanza katika miaka yote hii kwamba tumeshindwa kutazamana.

Profesa, sikulaumu. Nimekaa hapo nimetafuta wa kumlaumu, nimezunguka ukumbi mzima kwa macho, sikumpata. Wewe umekalia nafasi yangu kwa kuwa mwanao hana nafasi. Mwanao hana nafasi kwa kuwa yuko mhandisi mzee mahali fulani ambaye naye ameongezewa mkataba, na mhandisi yule naye ana binti nyumbani mwenye shahada, pengine ya udongo, anayemwomba Mungu wewe uondoke. Tumezungukana hivyo, kila mzee akimlisha wake kwa kiti cha mtoto wa mwenzake. Nani aanze kuinuka? Akiinuka mmoja peke yake, si watoto wake watalala njaa? Ningekuwa mimi na watoto watatu mlangoni, ningesaini hiyo miaka mitatu bila hata kukaa chini.

Wazee wa meza kuu mlinitarajia nimalizie kwa maneno ya matumaini kwa vijana. Sinayo. Nimeyatafuta usoni mwa wanafunzi wangu pale nyuma, wanaovaa majoho mwezi ujao, na nimeona aibu kuwadanganya. Nimekata tamaa, wapendwa. Nalisema neno hili mbele ya watu wazima nikiwa na akili zangu timamu, na nalisema leo kwa sababu nikilisema koridoni hakuna anayesikia isipokuwa mlango wa Profesa.

Nimeombwa nikabidhi zawadi. Profesa, kiti chako kile pale, kwa niaba ya wanafunzi wote, kwa mapenzi yetu yote, ambayo ni ya kweli. Najua hutaweza kukichukua nyumbani. Kwa hiyo nawaomba wale vijana wa maabara, tukishakula, wasikipakie garini wakahangaika bure kukishusha. Wakirudishe palepale. Utepe wauache, nitaufungua mwenyewe.

Ile aya ya mwisho niliahidi kuisoma, na mtu amefunga duka kuja kuisikia, basi nitaisoma kama ilivyobaki. Kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, wanafunzi wangu mtanikuta koridoni.

Hapana, dada. Usipige. Shusha mkono, kaa tu, nakuja tuondoke.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ndugu wageni, nawashukuru nyote kwa kuniazima masikio yenu.