Mapigo Aliyoyatafuta Mwalimu Jérémie Asukulu

Ndugu mliokuja kulia pamoja nasi, na ninyi pia mliosimama kule barabarani mkiogopa kuingia uani, familia imenituma mimi Darius, shemeji ya marehemu, niwasomee maisha yake, basi sikilizeni mpaka mwisho.

Mwalimu Jérémie Asukulu alizaliwa Nundu tarehe 9 Machi 1988, kifungua mimba wa marehemu baba Nicolas na mama Émilienne, huyu aliyekaa hapa kwenye mkeka, akaanza masomo ya msingi huko Nundu, vita vya mwaka 1996 vikawavusha ziwa mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakarudi mwaka 2007, akapata diplome ya Etat ya kumaliza sekondari hapa Baraka mwaka 2009, akasomea fizikia Bukavu mpaka 2014, na kuanzia 2016 hadi 2018 akasomea elimu ya nyota Afrika ya Kusini. Tarehe 22 Agosti 2015 alifunga ndoa na dada yangu Merveille, na Mungu akawapa watoto wawili, Nadège na Dany.

Aliporudi kutoka Afrika ya Kusini alifundisha fizikia hapa Baraka, na jioni, sola ikimruhusu, alifungua ordinatere yake, ile kompyuta, na kufanya ile kazi ambayo wengi mliisema bila kumuuliza. Kuna nyota zilizokufa, jamani, zikabaki kiini kidogo kizito ajabu, nyingine zinazungukana na nyota hai na kuinyonya gesi yake, na hapo zinatoa mwanga kama ule wa kupigia radio, ile picha ya mifupa ya hospitalini, mwanga unaopiga na kurudi kama moyo, lakini kwa sababu nyota yenyewe inakuja na kwenda, mapigo yanasogeleana, yanaachana, yanapotea, ni kama kusikiliza mutu anayepiga ngoma ndani ya pirogi inayozungukazunguka ziwani. Satelaiti zilikusanya mwanga, yeye alipiga hesabu ya kuyapanga upya hayo mapigo, miaka minne, na hakuyapata.

Jumapili tarehe 14 Januari 2024, wakati wa maombi, alisimama kanisani akaomba tumuombee apate mapigo kutoka kwenye nyota, na kanisa zima, lililolelewa na habari za Farao, likasikia mapigo ya Misri. Yeye alicheka, masikini, akadhani ataeleza Jumapili ifuatayo, kumbe neno lilikuwa limekwisha kufika sokoni, na mwezi wa tatu kolera, yaani kipindupindu, ilipoingia, mkasema ni yeye aliyeiomba, kama vile hamjui maji yetu tunayateka wapi. Wazee wa kanisa wakamtaka aseme mbele ya watu kwamba ameacha kutafuta mapigo, akakataa, kwa kuwa hakuwa na neno lingine la Kiswahili na hakutaka kusema uongo madhabahuni. Merveille alimlilia amtaje Mungu tu, akubali, yaishe. Hakukubali.

Jumamosi tarehe 6 Aprili watu wa mtaa huu walimtoa nyumbani, wakampiga mbele ya watoto wake. Mapigo yote aliyoyapata Jérémie katika maisha haya aliyapata hapa Baraka, mikononi mwa watu waliokula chakula cha harusi yake. Hospitalini radio ya kifua ilionyesha mbavu zimevunjika na damu imejaa, na Jumatatu tarehe 8 Aprili, saa tisa alasiri, akakata roho, akiwa na miaka thelathini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na bainfirmiers, wauguzi wetu, waliohangaika naye, walimu wenzake waliochangia sanduku la maziko, na yule mutu wa moto, dereva wa pikipiki, aliyembeba mpaka hospitali akiwa ametapakaa damu wakati wengine walikataa. Kwa desturi sasa ningewashukuru majirani. Tunamshukuru mmoja tu, mama Florentine, aliyeingia katikati ya fimbo akamfunika kwa kitenge chake.

Jérémie, mwana wa Nundu, pumzika sasa, na ile amani tuliyokunyima hapa, Mungu akupe yeye mwenyewe.