Bi Saa Mbili wa Kitanda Namba Nne

Mlio mmoja mrefu ulisikika saa nane na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 13 Machi 2024, katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali kuu, kwenye kitanda namba nne, kisha mkono wa muuguzi kijana ukanyooka, ukabonyeza kitufe, kukawa kimya. Hivyo ndivyo marehemu alivyotutoka, na historia yake inasomwa kwenu na mtoto wake wa kufikia, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa nne wa fundi mitambo na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hadi mwaka 1980, kisha sekondari, kisha chuo cha uuguzi, alikohitimu tarehe 25 Novemba 1988, na kuanzia tarehe 2 Januari 1991 hadi alipougua hakuhama chumba kile cha vitanda sita, ambako mashine huwapumulia watu waliochoka mapafu.

Kazi yake ilikuwa kunyonya makohozi kabla hayajaziba mrija, kusafisha vinywa visivyoweza kuomba maji, kupaka macho dawa yasikauke, na kumgeuza kila mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, ndipo wenzake wakambandika jina la Bi Saa Mbili, naye akalipokea kwa kicheko. Mgonjwa alipoingia, aliwauliza ndugu zake nyumbani wanamwitaje, akaliandika jina hilo kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya kitanda, Baba Pacha, Bibi Kidogo, Shangazi, kwa kuwa aliamini kwamba aliyelazwa kwa dawa za usingizi bado anasikia. Siku moja umeme ulikatika, akaminya mfuko wa hewa kwa mkono dakika arobaini nzima, huku akimsuta mgonjwa kwamba mmoja anatoka jasho na mwenzake amelala tu.

Tarehe 3 Juni 1998, mwanamke wa miaka thelathini alifariki kwenye kitanda hicho hicho namba nne, na mtoto wake wa miaka saba, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alisikia mlio, akaona mkono wa Bi Saa Mbili ukibonyeza kitufe, akaamini kwa akili zake za kitoto kwamba muuguzi yule ndiye aliyemzima mama yake. Binti huyo ndiye anayewasomea. Tarehe 19 Februari 2000 marehemu alifunga ndoa na baba wa mtoto yule, seremala, aliyewatania majirani kwamba ameoa saa ya ukutani, maana hata yeye aligeuzwa usingizini, na tarehe 7 Novemba 2002 wakajaliwa mtoto wa kiume. Binti alilishwa, akauguzwa, akasomeshwa, lakini kwa miaka ishirini na minne alimpa marehemu shikamoo tupu, isiyofuatwa na neno, naye marehemu aliitikia marahaba mwanangu kila asubuhi, asidai kitu.

Tarehe 2 Machi 2024 marehemu alilazwa kwa homa ya mapafu, na kesho yake akawekwa kwenye mashine na muuguzi kijana ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi, naye akashika plasta na kalamu.

"Nyumbani mnamwitaje, dada?"

"Andika Bi Saa Mbili."

"Hilo letu sisi wa kazini. Wewe unamwitaje?"

Baba alikwishafariki mwaka 2015, mwana wa kiume wa marehemu alikuwa masomoni mbali, hapakuwa na mwingine wa kujibu, na binti akasema atamwambia kesho, plasta ikabandikwa hivyo hivyo, tupu. Siku ya tisa dawa za usingizi zilipunguzwa, marehemu akafumbua macho, mrija mdomoni, akamtazama, na binti, aliyekuja akilirudia neno moja tangu kwenye ngazi, alimshika mkono, akasema shikamoo, akaishia hapo. Kwa mara ya kwanza haikuitikiwa. Macho yalingoja, yalingoja sana, kisha yakafumba.

Usiku ule wa mlio binti aliuona mkono wa muuguzi kijana juu ya kitufe, na uso wa muuguzi huyo umelowa machozi, ndipo akaelewa alichokiona akiwa na miaka saba, kwamba mkono ule huzima kelele tu, mtu anakuwa ameshakwenda. Alielewa mbele ya mtu asiyeweza tena kuambiwa.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili bila kuruka hata mara moja, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wote. Marehemu ameacha watoto wawili. Plasta ile tupu binti alipewa, ameiandika leo asubuhi, imebandikwa juu ya jeneza, upande wa kichwani.

Lala sasa, umewageuza wengi, wewe hatutakugeuza tena. Shikamoo, Mama.