Maji Yaliyochoka

Asalaam alaykum, mafundi wenzangu. Nanyi mabibi mlioko nyuma ya pazia, nawasikia mwacheka kabla sijaanza. Haya, chekeni.

Mwanijua, kazi yangu ni redio, hapa Langoni. Kule Mombasa nalifunzwa kutengeneza vibao vyake: wachukua ubao uliogandishwa shaba nyembamba, wachora ndia za umeme kwa rangi, kisha wautia kwenye maji ya asidi. Palipo na rangi husalimika, kwingine kote shaba huliwa. Maji hayo yakiwa mazima ni ya kijani. Yakishakula sana huwa meusimeusi kama ya ukwaju, wala hayali tena. Mimi nikasema yamekufa. Nikayatia kwenye chupa ya sharbati, nikaiweka jikoni. Mke wangu akauliza ni nini. Nikamjibu, "Mambo ya mafundi hayo, hutayaelewa."

Ndugu zangu, nawaambia, mdomo huu umeniponza.

Maulidi yakakaribia, mama mkwe akaja kusaidia kusugua shaba. Nanyi mwajua, shaba kwetu husuguliwa kwa ukwaju tu. Akaiona chupa, akadhani ukwaju, akamimina kidogo, akasugua sinia alilorithi kwa bibi yake. Likageuka jekundu, mabaka mabaka, kama mtoto mwenye surua. Mikono, alhamdulillahi, aliwahi kuiosha.

"Bwana fundi," akaniambia, "mwanangu hakuambiwa sumu iliyo jikoni kwake. Basi aenda kwetu. Na ile redio yangu uliyoifumua, isiposema kabla ya Maulidi, harudi."

Redio yenyewe ilikuwa yangoja kibao kipya. Asidi mpya ilikuwa imebaki kijiko kimoja, na nyingine haiji kutoka Mombasa ila baada ya Maulidi. Siku tatu nikala samaki niliyemuunguza mwenyewe. Paka wa mtaa alimnusa, akaenda zake. Nililia, wallahi, mtu mzima na bisibisi mkononi.

Siku ya nne nikaenda kuomba radhi. Nikamweleza mama mkwe kazi yangu yote, tangu rangi hadi maji yalivyochoka.

"Umeyafunika?" akauliza.

"Nimeyafunika, Mama."

"Kitu kikichoka hufunikwa? Hupepewa! Nenda kayape pumzi."

Nilidhani anitania, lakini mkwe hakataliwi. Nikaketi uani na chupa wazi, nikaongeza kile kijiko cha asidi, nikazamisha mpira mwembamba uliofungwa kwenye pampu ya kandanda niliyoazima kwa jirani. Nikasukuma. Mkono ukafa ganzi, nikashika kwa mwingine. Jirani akachungulia: "Jamani, fundi apuliza sharbati!" Kufikia alasiri weusi ukaanza kufifia, kijani kikarudi kidogo kidogo. Nikatia kibao, shaba ikaliwa! Nilipiga takbira hadi jirani akatoka kutazama mwezi.

Redio ikasema siku moja kabla ya Maulidi. Mama mkwe akasikiliza nyimbo zote hadi mwisho, ndipo akamwambia binti yake avae buibui.

Namshukuru jirani kwa pampu yake, ingawa alinicheka. Namshukuru mama mkwe, fundi kuliko mimi. Nanyi msikimwage kilichochoka kabla hamjakipa pumzi, na kila chupa iandikeni jina.

Nawe mke wangu, uliye nyuma ya pazia: siku zile nyumba ilikuwa kimya hata nikautamani ugomvi wako. Ahsante kwa kurudi. Sasa uliza lolote, nitakujibu hapa hapa, mbele za watu.