Benchi la Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, wekeni chini mnachofanya, msogee. Fundi Randa ametutoka. Seremala. Ndiye aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa alilosali, hata lile la mlangoni. Leo tunalizungumzia hilo la mlangoni.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili viliungua karakana yake ilipoteketea. Mlinzi wake alilewa, akasinzia na sigara mkononi. Mlinzi akafungwa miaka mitano. Aliporudi, watu wakambandika jina: Kiberiti.

Wazee wa kanisa wakaagiza benchi dogo, la mtu mmoja, likae mlangoni. Wakaliagiza kwa Randa mwenyewe, bila kumwambia ni la nani. Akalikata, akalipiga msasa, akalipeleka. Jumapili akamwona aliyelikalia: Kiberiti, peke yake, kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Randa akainuka kule mbele, akaenda mlangoni, akajibana pale pale. Tako moja hewani.

Mzee wa kanisa akamfuata, akanong'ona. "Fundi, rudi mbele. Huyu si ndiye aliyekuunguza?"

"Niliyeungua ni mimi. Wewe moshi ulikufikia wapi?"

"Tunalinda kundi, ndugu yangu."

"Tumeambiwa tupendane. Hatukuambiwa turuke benchi la mlangoni."

Msidhani alikuwa malaika. Bintiye, ambaye ni muuguzi, anasema: "Siku ile baba hakula. Aliniambia, 'Mwanangu, kumpenda yule ni kumeza msumari. Lakini nimeamriwa. Nitameza.'"

Jumatatu akarudi na ubao na gundi. Benchi likawa la watu wawili. Akaja mjane aliyechoka kusengenywa. Randa akaongeza ubao. Akaja mlevi mmoja, ananuka pombe; akaongeza ubao mwingine. Benchi lile sasa lina viraka kama suruali ya fundi, lakini Jumapili iliyopita lilikaliwa na watu kumi na mmoja.

Jana wazee wakaja msibani na neno lao: Kiberiti asibebe jeneza. Mama Randa, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa chini. Hakuinuka.

"Shemeji," akamwambia mzee yule yule, "jeneza lina vishikio sita. Kimoja ni cha Kiberiti. Wewe nimekuwekea cha mkabala wake. Mtazamane vizuri."

Mzee akakohoa, akatafuta viatu vyake, akaondoka. Mpaka sasa hajajibu.

Mama Randa, pole. Muuguzi wetu, pole. Na wewe Kiberiti, pole. Umefiwa, asikudanganye mtu.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize ni nani amemtengea benchi la mtu mmoja. Maziko ni leo saa tisa alasiri. Vishikio ni sita, wabebaji waliopatikana ni watano. Narudia: vishikio sita, wabebaji watano.

Mzee, kama redio yako imewashwa, sikia. Kishikio chako hakishikwi na mtu mwingine.