Kasha la Vitabu la Mama Apolinaria

Mhariri na wasomaji wa jarida letu la wafanyakazi, mniwie radhi. Makala haya yalitakiwa yasomwe kwenye sherehe ya Juni, na sasa ni Agosti. Mtoto alianza kuota meno, akafuatiza surua, na kila nilipoketi na kalamu usingizi ulinitangulia. Leo nimeyamaliza, yapokeeni hivyo hivyo.

Mama Apolinaria alistaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya kuitumikia Nyumba ya Wageni Miombo, hapa Tabora karibu na stesheni, kwa miaka ishirini na saba. Aliingia akiwa mfuaji wa shuka. Ametoka akiwa msimamizi wa vyumba vyote, na mwalimu wa darasa ambalo hakuna aliyemwagiza alianzishe.

Darasa hilo lilianza kwa maongezi tu. Mwalimu Yoramu, aliyepata kusoma Uganda, alimweleza kwamba maktaba ya chuo kikuu cha huko huazima vitabu hata kwa watu walio mbali, mradi wawe wanajifunza kitu na awepo mtu mmoja wa kuwajibika. Mama akauliza kama wana vitabu vya kupokea wageni. Mwalimu akacheka, akasema labda. "Basi hiyo labda iandikie barua," Mama akamwambia. Miezi ikapita. Kasha la mbao likavuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, likapanda treni, likashuka Tabora.

Kitabu cha kwanza kilihusu mahoteli ya Ulaya. Kilisema mgeni amechoka na safari, asisumbuliwe kwa maneno. Mhudumu ainamishe kichwa, achukue mzigo, atangulie. Tukatii. Siku hiyo hiyo akashuka kwenye lori Mzee Shilinde, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Igunga. Mwenzangu Minza akainamisha kichwa, akachukua furushi, akatangulia kimya. Nami nikainamisha. Mpishi naye vilevile. Mzee alipofika ukumbini akavua kofia, akaketi sakafuni, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni sana, wanangu. Nani ametutoka?"

Mama akatoka mbio. "Shikamoo, baba. Hapa hapana msiba."

"Marahaba. Kama hapana msiba, mbona watu hawanisalimu? Nimewakosea nini?"

"Ni kitabu, baba. Kimetuambia tunyamaze."

"Basi kizikeni hicho, mnipe maji."

Mama hakukizika. Alikirudisha maktaba pamoja na ombi jipya: safari hii alitaka maandishi ya watu waliowahi kuwa wageni hapa hapa kwetu, waliopita njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Maktaba ikayaleta, na hayo ndiyo yakawa masomo yetu ya kila Alhamisi alasiri, nyuma ya chumba cha kupigia pasi.

Sijui niwaelezeje alasiri zile. Pasi za mkaa zilikuwa zikipoa, shuka zikinukia, mwanangu mwaka huu akilala ndani ya kasha tupu huku vitabu viko mikononi mwetu. Mama alisoma Kiingereza polepole, akikigeuza Kiswahili, na ukuta ukawa kama unasogea nyuma. Msafara ukatokea porini, njuga miguuni mwa wapagazi, pembe ikilia mbele, vumbi jekundu limeelea halitaki kutua, na akina mama wamesimama nje ya matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa, na vibuyu vya maziwa. Baiskeli ikipita nje, kengele yake kwetu ilikuwa njuga. Treni ya Kigoma ikipiga filimbi, ilikuwa pembe. Mara nyingi niliota macho wazi, nikamwona mgeni wa zama zile akipanda ngazi zetu taratibu, nami namwuliza habari za njiani.

Lakini Mama hakutuacha tupotelee humo. Msafiri mmoja alisifu maziwa kwa mstari mmoja, kisha akawalalamikia viroboto ukurasa mzima. Minza, aliyeshika kitabu siku hiyo, akataka kuuruka, maana unatia aibu. "Rudi," Mama akasema. "Viroboto ndio somo la leo." Kesho yake kila godoro la Miombo lilikuwa juani.

Ni yeye pia aliyeanza kuwatembeza abiria wanaoshinda hapa wakingoja treni ya Mwanza. Aliwafikisha kwa miguu Kwihara, kituo cha zamani cha misafara, akasimama mahali pasipo na kitu ila nyasi, akawaambia nani alilala pale na alipewa chakula gani. Watu waliziangalia zile nyasi na kuona nyumba. Wengine waliacha treni ikaondoka.

Sasa jambo lenyewe. Maktaba huazima kwa jina la mtu, na jina lilikuwa la Mama. Wameandika kwamba asipopatikana mwingine kabla ya mwisho wa Septemba, vitabu virudi na vingine visije. Bwana Ambrosi, meneja wetu, ni mtu mwema, ila ana magodoro mapya yasiyo na pa kuwekwa, na chumba chetu anakitazama sana. Siku ya kuaga aliuliza mbele ya watu, "Atasimamia nani? Josepha? Si ana mtoto mgongoni?"

Mama alikuwa anakata keki, wala hakugeuka. "Mtoto yuko mgongoni. Mikononi ana nini?"

Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma kunyonyesha. Nimelifikiri jambo hili Julai nzima. Kiingereza changu ni cha shule ya masista, kinakwenda kwa kujikwaa. Basi tutasoma kwa kujikwaa. Nitasimamia mimi.

Mama, asante kwa mikono yako na kwa ukali wako. Huko Igunga kwa mdogo wako, mpunga ukuitike, na uamke saa utakayo, si saa ya treni.

Ninavyohitaji bado ni hivi, vitumwe Miombo kwa jina langu. Kwa Mwalimu Yoramu: kamusi ya darasa uliyoiazima, umekaa nayo mno. Kwa Bwana Ambrosi: meza ile ndefu tuliyosomea, na neno lako kwamba magodoro yatakwenda stoo. Kwa Mama: ufunguo wa kufuli la kasha, ulioondoka nao mfukoni mwa aproni, kurasa ulizotafsiri kuhusu kutandika vitanda, na barua ya makabidhiano kwa maktaba, yenye sahihi yako, ifike kabla ya Septemba kwisha, na pale penye nafasi ya msimamizi uandike Josepha Ngollo.