Shangazi na Dawa ya Moto

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika kiwanda chetu cha magodoro na makochi, mkuu wa idara ya mchanganyiko anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili za ofisi, lakini ukilitaja getini mlinzi atakutazama kama uliyepotea njia. Sema umekuja kumwona Shangazi, na geti litafunguliwa kabla hujamaliza sentensi.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kwa sababu anafoka kama shangazi hasa. Anakupasha mbele za watu mpaka unatamani ardhi ipasuke, halafu saa ya chakula anakuita, anakumegea nusu ya sahani yake na kukuuliza mtoto anaendeleaje.

Kwa wageni waliofika leo wasioijua kazi yetu, sponji huanza maisha yake ikiwa majimaji. Kemikali hukutana ndani ya mashine, mchanganyiko ukaumuka kama unga uliotiwa hamira, na baada ya muda unalo bonge kubwa la kukatwa magodoro, mito ya makochi na viti vya watoto. Shangazi ndiye aliyesimamia uumukaji huo, na kazi haimtoki hata akiwa matembezini. Siku ya kwanza kutembelea wakwe wa binti yake alikutwa amepiga magoti sebuleni. Wenyeji wakadhani anasali, wakanyamaza kwa heshima. Kumbe alikuwa anachungulia kochi kwa chini aone limeshonwaje.

Tungeweza kujaza kijitabu hiki kwa vichekesho vya namna hiyo, na yeye angefurahi. Lakini wengi mlioajiriwa miaka ya karibuni mnaikuta sponji ilivyo leo na mnadhani ilikuwa hivyo siku zote. Haikuwa hivyo, na ilikaribia kabisa kutokuwa hivyo.

Katika mwaka wa tisa wa utumishi wake, ghala la sponji lilishika moto. Fundi alikuwa anachomelea bawaba ya mlango, cheche ikaruka. Aliyewahi kuona sponji ikiungua hasahau. Moto wake hausubiri mtu, na moshi wake mweusi unakuziba macho kabla joto halijakufikia. Watu walitoka mbio hadi uani. Mtunza ghala, mtu mpole aliyezoea kuimba akipanga mizigo, aliwatazama wapagazi wake na kuona mmoja hayupo. Akageuka kurudi ndani. Shangazi alimdaka mkono wa shati, akamponyoka. Mpagazi yule alikuwa ametokea mlango wa nyuma, mzima. Mtunza ghala hakutoka tena.

Aliacha mke, ambaye ni mshonaji wetu mkuu, tunayemwita Mama Pacha, na pacha wao waliokuwa hawajaanza hata shule.

Tangu siku hiyo Shangazi alikuwa na neno moja tu: dawa ya moto. Ndivyo tulivyoziita zile kemikali zinazochanganywa kwenye sponji ili isiwake upesi. Alibisha hodi ofisini kwa mkurugenzi mpaka mkurugenzi akawa anamtambua kwa mlio wa viatu. Hatimaye dawa ikaletwa, na kila bonge lililotoka kwenye mashine lilikuwa nayo. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuja kumshukuru. Wakawa kama ndugu wa tumbo moja, wakila pamoja, wakisengenyana na kupatana, na wale pacha wakakua wakimwita mama mkubwa.

Miaka ikapita, hadi Shangazi alipotumwa kwenye mafunzo ya usalama kazini. Huko mtafiti mmoja wa maabara ya afya alieleza jambo lililomkausha mate. Dawa nyingi za aina ile hazishikamani na sponji. Zinatoka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, zinaingia kwenye vumbi la nyumba, na vumbi linakaa sakafuni, mahali ambapo watoto hutambaa na kutia vidole mdomoni. Zimepatikana katika damu na katika maziwa ya mama. Baadhi yake watafiti wanazihusisha na matatizo ya homoni za tezi ya shingo na ukuaji wa akili ya mtoto aliye tumboni. Zikifika mtoni hazipotei, zinaingia kwa samaki. Na sponji yenye baadhi ya dawa hizo ikifikia kuungua, moshi wake unaweza kuwa na sumu zaidi.

Wakati huo binti yake alikuwa amejifungua. Shangazi alikwenda moja kwa moja kutoka mafunzoni hadi nyumbani kwa binti, akamnyanyua mtoto aliyelala, akavuta kigodoro na kukitupa uani.

"Mama, umeingiwa na nini?" binti akauliza. "Si wewe uliyekileta? Si ulisema ndicho salama kuliko vyote?"

"Ndiyo, nilisema," alijibu. Akakaa sakafuni na mjukuu mapajani.

Hakutaka kupiga kelele kwa jambo la kusikia tu. Alichukua vumbi la sebule ya binti yake, na vumbi la chumba chetu cha kukatia, akampelekea mtafiti yule. Majibu yaliporudi, dawa ilikuwa kote kuwili, na kwetu ilikuwa nyingi mno. Sisi wakataji tulikuwa tumekaa ndani ya vumbi lile miaka yote, tukipangusa jasho kwa mikono ileile tuliyolia chakula. Mwenzetu mmoja wa mashine ya pili alikuwa ametoka kupasuliwa uvimbe wa shingo. Daktari hakusema ni dawa, wala hakusema si dawa. Tulianza kujipapasa shingo kwa siri, kila mtu kwenye kona yake.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila hasira, "Shangazi, wewe ndiye uliyenishawishi niitie. Leo unataka niitoe? Ghala likiwaka tena, nitawaambia nini watu?"

Lilikuwa swali la haki. Aliomba tu wafanyakazi wote waambiwe. Tukakusanyika kantini, na akaeleza kila kitu akiwa amesimama, akianza kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyeileta dawa. Hapo Mama Pacha akainuka.

"Mume wangu hakufa kwa vumbi," alisema. "Alikufa kwa moto. Na wewe ulikuwepo."

Shangazi akamgeukia.

"Nilikuwepo," Shangazi alijibu. "Nilimshika, akanitoka. Kila siku namwona akiingia. Sikuja kuuruhusu moto urudi, dada. Nakuomba tu tusiwalaze watoto juu ya kitu tunachojua kinatoka na kuwaingia. Nipe nafasi nitafute njia ya tatu."

"Mimi si dada yako," Mama Pacha akasema, akatoka. Kuanzia hapo wakawa wanapishana kwenye korido kama watu wasiojuana. Waliokaa meza yao ya chakula walihama mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana amechagua upande.

Njia ya tatu aliyoitafuta Shangazi ilikuwa kitambaa. Mtafiti alimweleza kwamba moto mwingi wa makochi huanza na sigara inayofukuta juu ya kitambaa, na kwamba kitambaa kinachofaa, chenye tabaka la kinga chini yake, kinaweza kuunyima moto nafasi ya kuifikia sponji. Mkurugenzi akakubali lifanyike jaribio uani, mbele ya wote. Kochi likawekwa, halina dawa hata chembe. Sigara ikawashwa, ikalazwa kwenye kona kati ya kiti na mgongo.

Kwa muda ulikuwa moshi mwembamba tu. Kisha kona ikawa nyekundu, na ghafla mwali ukaruka juu. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa tayari, hakuna aliyeumia. Lakini ule moshi mweusi tuliujua. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma kabisa, amejiziba mdomo kwa kanga. Akaondoka. Shangazi alibaki akilitazama kochi lililoungua, masizi usoni, na kwa mara ya kwanza tulimwona hana cha kumfokea mtu.

Wengi tulidhani yameishia hapo. Siku chache baadaye Mama Pacha aliingia kwenye idara ya mchanganyiko, mahali ambapo miguu yake ilikuwa haijakanyaga tangu ile siku ya kantini. Hakusalimia.

"Nimeliangalia kochi lenu. Moto ulipita kwenye mshono. Nani alishona?"

"Tulimpa fundi wa nje," Shangazi akajibu. "Sikuthubutu kukuomba wewe."

"Kama mnafanya, nitashona mimi. Sikusema nimekubali. Nasema sitaki mtu mwingine akosee."

Walifanya kazi kwa wiki kadhaa, mmoja akibadilisha tabaka, mwingine mishono, wakizungumza mambo ya uzi na sindano tu. Walishindwa, wakarudia. Siku ya jaribio kubwa Mama Pacha alinyoosha mkono akaiomba ile sigara, akailaza kwenye kona yeye mwenyewe. Kisha akasimama palepale, karibu kuliko mtu yeyote. Mkurugenzi alimwomba arudi nyuma, akakataa. Moshi ulipanda. Kitambaa kikafanya doa la kahawia, doa likatanuka, na mmoja wetu akaanza kuvuta pini ya mtungi. Doa likasimama. Moshi ukapungua, ukakatika.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pacha aliweka kiganja juu ya doa, akakiacha pale, tukawa tunamtazama usoni.

"Baridi," alisema.

Shangazi akaketi chini, palepale kwenye saruji, akalia kama mtoto. Mama Pacha akaketi kando yake.

Dawa ikatolewa, kwanza kwenye magodoro ya watoto, baadaye kwenye bidhaa zote. Kitambaa pekee kisingetosha, na Shangazi hakukubali tujidanganye: ghala liligawanywa kwa kuta, mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa darini, na kuchomelea karibu na sponji kukapigwa marufuku. Mapipa ya dawa yaliyobaki alikataa yasimwagwe mtaroni wala mabaki yasichomwe nyuma ya karakana. Akayasimamia mpaka muuzaji wa dawa akayachukua. Mteja wetu mmoja mkubwa alituacha, hajarudi mpaka leo. Sisi wakataji tunapimwa afya kila mwaka. Mwenzetu wa mashine ya pili anaendelea vizuri, ingawa jibu la swali lake hatutalipata, na Shangazi hajawahi kumdanganya kwamba lipo.

Nilipokuwa naandaa wasifu huu nilimwendea Mama Pacha nikimwomba maneno ya kuweka hapa. Nilitarajia hotuba. Aliendelea kushona, akafikiri, akasema, "Andika kwamba alikuwa hajui kama ataweza, na hakunificha."

Shangazi, asante kwa kutupigania mara mbili, na mara ya pili ukipigana na neno lako mwenyewe. Asante kwa kila uliyemfokea na kila uliyemlisha. Wajukuu wako wakue na afya, mikono yako ipate kupumzika, na siku zako zote zilizo mbele ziwe za amani. Tunakuombea mema, sisi sote, kutoka getini hadi ghalani.