Picha ya Mwisho ya Mkunga

Benchi letu liko mbele ya duka langu la cherehani, ubavuni mwa ukuta ambao jua huufikia kwa kuchelewa. Asubuhi, muuza kahawa akishatua birika, wanafika wale wale. Kuna Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu, na ambaye hunyoa mteja huku sikio kalielekeza kwetu asipitwe na neno. Kuna Redio, fundi wa spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimwi. Na kuna Mzee Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme. Mimi nashona na kusikiliza. Siku ninayoisimulia, Breki alikuwa amerudi kijiweni kwa mara ya kwanza tangu tumzike mkewe. Mkononi alishika picha, kaifunika kwa kitambaa kama mtu aliyebeba yai.

Mkewe sote tulimwita Mkunga. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka kustaafu, na vijana wengi wa mtaa huu walipita mikononi mwake kabla ya kupita kwa mama zao. Alipostaafu, binti yao alimletea kamera ndogo, akidhani mama atapiga picha za wajukuu. Mama akawapiga wajukuu wiki moja, kisha akavuka barabara kuu akaingia porini. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa huko, akirudi viatu vimelowa umande na sketi imejaa vishona-nguo, zile mbegu za kung'ang'ania. Alikuwa akipiga maua ya mwituni na ndege. Kinyozi aliwahi kumuuliza kwa nini asipige maua ya bustanini yaliyo mazuri zaidi. Akamjibu kwamba yale yana mwenyewe, haya hayana wa kuyajulia hali.

Alikuwa akisimama hapa benchini kutuonyesha alichopata, na kutufundisha tusiofundishika. Ndege usimjue kwa rangi, alisema, maana kivulini rangi inadanganya. Tazama mdomo, tazama mkia, tazama anavyokaa. Na ua usilipige uso tu kama picha ya kitambulisho. Lipige na jani lake, na shina lake, na upande wa chini, ndipo anayejua ataweza kukuambia ni nani. Alisema hivyo hivyo: ni nani. Tulimsikiliza kwa adabu, na akishakata kona tulirudi kwenye habari za mpira.

Kisha homa ikamshika. Tukadhani ni homa kama homa nyingine. Kabla hatujajipanga kwenda kumwona, tukawa tunajipanga kwenda kuzika.

Breki alikaa, akapokea kikombe, akafunua kitambaa. Ilikuwa picha ya mmea mwembamba uliosimama kwenye mawe, majani yake yamekaa mawili mawili, shina lina vinyweleo. Juu yake vitumba vimejifunga sawasawa, kama ngumi za mtoto mchanga. Na kwenye kijiti cha jirani, ndege mdogo kavielekezea mdomo.

— Hii ndiyo ya mwisho kwenye kamera, alisema. Zile nyingine zote kaziandikia majina. Hii hapana.

Ndege hakuleta ubishi. Mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda kama sindano ya kushonea magunia: hata sisi tulijua ni chozi, yule ndege mfyonza maua. Kumbe kuna kitu kilikuwa kimetuingia. Shida ilikuwa ua. Breki akatueleza kwamba binti yao alikuwa ameituma picha ile kwa chama cha watu wanaopenda mimea, nao wakajibu kwa heshima kwamba vitumba havitoshi. Walitaka ua likiwa wazi, tena waambiwe limeota wapi. Breki hakujua limeota wapi. Amekuwa akizunguka porini asubuhi kwa asubuhi na magoti yake mabovu, anarudi na vijiti ambavyo, akivilinganisha na picha, havifanani hata kidogo.

Kwa kuwa sisi ni watu wa benchi, tukaanza kumsaidia kwa namna tunayoijua.

Kinyozi akawa wa kwanza. Alisema hicho ni kifauwongo, kwa kuwa kifauwongo nacho kikiguswa kinajifunga. Nikamkumbusha kwamba Mkunga mwenyewe alituambia kinachojifunga pale ni majani, ua haliguswi na habari hizo. Kinyozi akaona si vizuri kushindwa na marehemu, akarudi na methali.

— Lakini wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ua likijificha hivi, ujue lina kasoro.

— Sasa lililojificha ndilo linalojitembeza? nikamuuliza.

— Methali huwa haibishwi, akasema.

Redio alikuwa anasubiri zamu yake, na zamu ya Redio ni ndefu. Kwake, ua hilo si la porini hata kidogo. Ni la bustani ya watu wenye nafasi zao. Mbegu imetoroka na upepo, na sasa mmea umefika ugenini, unaona haya kujifungua mbele za watu. Akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hakuna aliyemuuliza nyoka kaingia kwa mlango upi. Muuza kahawa akatabasamu, na hata Breki akalegeza mdomo, nasi tukafurahi kumwona hivyo, tukamwachia Redio aendelee. Hapo ndipo tulipokosea njia.

Akasema mtazameni huyo chozi, msidhani kakaa hapo kwa bahati. Huyo ndiye mwenye ufunguo. Kuna maua hayafunguki mpaka ndege wake aje kubisha hodi kwa mdomo, na akibisha ndege mwingine hayaitikii. Kinyozi akaona hilo lina mantiki kuliko lake, akaongezea kwamba ndiyo maana kuna mwaka maua hukosekana: ndege wamehama na funguo zao. Redio akasema haswa, na ndiyo maana tukaambiwa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kisha, kwa kuwa kituo kikishakamata mawimbi hakijui kujizima, akashusha sauti. Akasema bibi yake aliwahi kumsimulia ua moja la maweni. Ua hilo hujifunga likimwona mtu ambaye siku zake zimekwisha. Linamjua. Likajifunga mbele yake, basi mtu huyo hana...

Hakumaliza. Nilikuwa nimesimamisha cherehani. Kinyozi alikuwa ameshika mashine juu ya kichwa cha mteja, haishuki. Redio akatazama kikombe chake kama kwamba maneno yale yametoka humo.

— Nisamehe, mzee wangu, akasema. Mdomo huu hauna breki.

Breki hakukasirika. Aliichukua picha, akapangusa kwa kitambaa pale kidole cha Redio kilipoacha alama.

— Halikujifunga, alisema. Lilikuwa bado kufunguka. Si kitu kimoja.

Akaendelea taratibu, macho kwenye picha. Alisema siku alipoipiga, mkewe alirudi amechoka, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Akamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera, akamwambia: bado halijafunguka, nitarudi. Jioni ile homa ikaanza. Hata alipokuwa amelala, akili ikija na kuondoka, aliuliza kama mvua imenyesha. Breki alidhani anaweweseka. Sasa anaona huenda alikuwa anahesabu siku za ua lake.

— Mnajua kazi aliyoifanya, akasema. Hakuwahi kumwacha mzazi katikati. Hata akiambiwa zamu yako imekwisha nenda nyumbani, alibaki mpaka asikie mtoto analia. Mimi jina silitafuti, ndugu zangu. Jina ni la wataalamu. Nataka nilione tu hilo alilosema atalirudia.

Muuza kahawa akainua birika ili apate la kufanya. Likatoa machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida kahawa ikiisha kila mtu hupata kazi aliyoisahau. Siku hiyo hakuinuka mtu.

Ndipo akatokea mama mmoja anakokota baiskeli. Nyuma kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe, mundu umechomekwa katikati. Hatukuwahi kumwona mtaani kwetu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatusalimia kwa heshima, tukaitikia.

— Samahanini, baba zangu, akasema. Namtafuta yule mama wa kamera. Nilizoea kumwona kule machimboni, pale palipokuwa pakichimbwa kokoto zamani. Siku hizi anapita njia gani?

Nimekaa kwenye kijiwe hiki miaka mingi, na sijawahi kuona swali likikosa wa kulijibu. Hapa tumeshajibu ya mbinguni na ya chini ya bahari. Hilo la mama yule, jepesi kuliko yote, hakuna aliyelishika. Kinyozi alitazama sakafu yake iliyojaa nywele. Mimi nilitazama uzi.

Mama yule akadhani hatujamwelewa. Akaeleza kwamba yeye hukata majani upande ule, na mama wa kamera alimwonyesha mmea mmoja kwenye mwamba, akamwomba: wewe unafika huku kila siku, ukiona umefunguka niambie. Alipoona hapiti tena, akasema huenda kasafiri. Lakini mvua ya juzi imeufungua.

— Nimeona nisingoje, akasema. Ua la mawe halikai. Nikauliza watu huko barabarani, wakaniambia hukosi kumpata kwenye benchi la fundi cherehani.

Breki alikuwa amesimama. Alisimama kwa shida, kashika bega la Redio.

— Asante kwa kuja, mama, alisema. Alikuwa mke wangu.

Lile neno "alikuwa" lilimfikia mama yule taratibu. Nililiona linavyomwingia. Aliweka mkono kifuani, akavuta kanga yake kichwani akaifunga vizuri, kama anayeingia kwenye nyumba ya msiba.

— Poleni, akasema. Poleni sana. Sikuambiwa.

Na nani angemwambia? Sisi tulioambiana hatukujua kwamba yupo.

Breki alimwomba ampeleke. Nilifunga duka. Kinyozi alimaliza kichwa cha mteja kwa haraka ambayo mteja hakuifurahia. Redio alijitolea kukokota baiskeli na mzigo wake, bila kuombwa, na njia nzima hakutangaza kitu. Tulipita kwa Breki akachukua kamera. Tukavuka barabara kuu, tukafuata njia nyembamba nyuma ya tanuri za matofali, kisha majani yakatufika magotini. Breki alipumzika mara kadhaa. Kila akisimama, mama yule alisimama naye bila kusema amesimama kwa ajili yake.

Machimbo ni shimo pana lenye kuta za mawe, maji kidogo chini. Mmea ulikuwa kwenye ukingo wa mwamba, mahali ambapo ungepita bila kuuona. Maua yalikuwa wazi. Hayakuwa makubwa. Rangi yake ni ya manjano hafifu, na ndani kabisa, kwenye koo la ua, pana wekundu uliokolea kama kitu kinachowaka mbali.

Breki aliyatazama kwa muda mrefu. Halafu akatoa kamera, akawa anatafuta kitufe. Kinyozi akanyoosha mkono kumsaidia, Breki akakataa kwa kichwa. Akapiga kwa mbele. Akapiga jani, akapiga shina, kisha huyu mtu wa magoti mabovu akalala ubavu kwenye mawe, akapiga upande wa chini. Hatukuwa tumemwambia. Kumbe na yeye alikuwa anasikiliza.

Baadaye wale wa chama walipelekewa picha zile wakatoa jina, jina refu la kitaalamu ambalo Redio hulitamka tofauti kila siku. Breki kaliandika nyuma ya picha. Lakini hilo lilikuja baadaye.

Siku ile alipomaliza alibaki ameketi pale chini, kamera mapajani. Akamuuliza mama wa majani swali ambalo nadhani alilibeba njia nzima.

— Mlikuwa mnaongea nini huku, wewe na yeye?

Mama alifikiri. Angeweza kubuni kitu kizuri. Wengi wetu pale tungebuni.

— Hatukuwa tunaongea sana, baba, akasema. Alikuwa ananyamaza, nami nanyamaza. Alisema ndege hawaji penye maneno.

Breki akaitikia kwa kichwa. Tukaketi naye, kila mtu na jiwe lake, watu wa benchi zima, wala hakuna aliyesema neno. Upepo ulipita kwenye majani, ukatulia. Tukakaa hivyo mpaka chozi akaja, akatua kwenye shina, akaingiza mdomo wake ndani ya ua.